Darasa Lililokaa Jumanne

Mpaka leo mtu akinitajia "pesa ya programu" damu inanichemka. Sitadanganya kwamba nimesamehe. Sijasamehe. Wenzangu wa kwaya huniambia, dada, hayo yalishapita, na mimi huwajibu kwamba yalipitia mgongoni kwa mama yangu, si mgongoni kwao, basi waniache na hasira yangu.

Nilisomea infografi katika mji wetu wa Baraka, huku Kongo kando ya ziwa. Infografi ndilo neno walilolipaka kwa rangi ya bluu ukutani mwa shule: kutengeneza kwa kompyuta afishi, yaani mabango, majalada ya vitabu, vibandiko vya sabuni, na kila kitu ambacho mtu hukiona kabla hajakisoma. Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya bati nyuma ya soko, vyumba viwili, kompyuta chache za mitumba, na grupu, yaani jenereta, iliyokuwa ikikohoa uani zaidi ya kufanya kazi. Jina lake sitaliandika. Halistahili wino wangu.

Ilikuwa wakati wa vita. Najua wanaoandika historia wanasema vita vya Kongo vilikwisha zamani. Sijui walikuwa wamekaa wapi walipoandika. Mimi nilikulia kambini ng'ambo ya ziwa, Tanzania, nikarudishwa kwa meli pamoja na wengine tukaambiwa amani imefika. Amani gani? Leo wanapigana huko juu upande wa Minembwe, kesho barabara ya Lulimba imefungwa, keshokutwa Baraka nzima inalala na viatu miguuni. Na katikati ya hayo watu walioa, walizaa, waliuza sukari, na mimi nilitaka kujifunza kuchora kwa kompyuta. Jirani yetu mmoja, huku risasi zikisikika, alimuuliza mama, "Masasi inalia, na weye unalipia mutoto michoro?" Mama akamjibu, "Ikinyamaza, wako utamulipia?" Jirani alikwenda zake.

Mama alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Baba hatukurudi naye kutoka kwenye mbio za vita. Alipotelea njiani na habari zake zikaishia hapo. Mama alinunua ndagala kwa wavuvi, akawaanika mchangani, akawauza hapo hapo sokoni, na kwa biashara hiyo ndogo tulikula na minervali, karo yangu, ililipwa. Lakini juu ya minervali kulikuwa na kitu kingine kila muhula, nacho ndicho pesa ya programu. Hiyo soko la Baraka halikuweza kuitoa. Ili kuipata, ilibidi mama afunge ndagala kwenye magunia awapandishe hadi Lulimba, kwa wachimba dhahabu, maana wachimba dhahabu wakiwa na njaa hawabishani bei. Na barabara ile ilijaa bariyeri. Kamba imekatiza njia, na pembeni wenye silaha. Wengine wa serikali, wengine wa porini, wote mikono yao ilikutana ndani ya gunia la mama.

Siku zote akiwa njiani mimi sikuweza kumeza chakula vizuri. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alikwenda Lulimba hivyo hivyo na hakurudi. Nilijua. Mama naye alijua, na muhula ukianza alifunga magunia.

Direktere wa shule alitueleza pesa hiyo siku ya kwanza, amesimama mbele yetu na suti yake ya kahawia. "Programu si maji ya muto Mutambala, kwamba kila muntu anachota tu," alisema. "Iko na benyewe kule Ulaya, banataka balipwe kila mwaka. Na haitoshi kuwa na feza, inaomba karte ya benki na intaneti. Baraka benki iko wapi? Mi njo nitabalipia, kupitia ndugu yangu wa Bujumbura." Tulimwamini. Tungemkatalia kwa lipi? Alisema kweli tupu: hata ungeuza nyumba, usingeweza kuinunua programu ile ukiwa Baraka. Dunia ilikuwa imeweka duka lisilo na mlango wa upande wetu. Hilo nalo linaniudhi mpaka kesho, lakini angalau watu wa Ulaya hawakuwahi kuniita binti yao.

Sasa sikiliza tulivyosoma. Programu iliyokuwa kwenye kompyuta zetu ilikuwa ya kujaribia, ile wanayokupa bure kwa mwezi mmoja uonje, kisha inajifunga. Fundi aliyeileta aliiweka Jumanne moja, miaka miwili kabla sisi hatujafika shuleni. Kwa hiyo kila asubuhi, grupu ikishawaka, kabla hujagusa kitu chochote, ulikwenda pembeni mwa kioo penye saa ukairudisha tarehe kwenye Jumanne ile ile. Programu ikiamka inaangalia saa, inaona ni siku yake ya kwanza, inafunguka bila wasiwasi. Mwalimu wetu wa mazoezi alitufundisha hivyo kabla ya kutufundisha mstari na duara. Tulipomuuliza mbona tumelipia, alisema, "Ile ya kulipia iko njiani." Muhula uliofuata ilikuwa bado njiani. Na uliofuata pia. Ee, njia gani hiyo isiyofika?

Basi darasani kwetu ilikuwa Jumanne siku zote. Wenzangu walifanya utani. Mmoja, mtoto wa mchungaji, alisema Yesu akirudi Jumapili sisi atatukuta bado Jumanne na atatuacha. Lakini ole wako usahau. Ukifungua programu na tarehe ya kweli, inakufa papo hapo, na kuifufua lazima fundi atoke Uvira, na Uvira barabara ikifungwa ndiyo basi. Binti mmoja alisahau siku moja, na sote wa kompyuta ile tukakaa wiki kadhaa tunachora kwa penseli. Hatukumsalimia kwa muda mrefu. Tuliilinda Jumanne ile kama watu wanavyolinda moto wa jirani wasipokuwa na kiberiti.

Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa kutengeneza kazi yake na kuitetea mbele ya juri, yaani jopo la watahini, sisi tukiwa mbele na wakubwa wakiwa mezani. Mimi nilichagua afishi za kipindupindu. Ugonjwa huo kwetu hauna msimu, na afishi zilizokuwa ukutani hospitalini zilionyesha mama mmoja mnene, mweupe wa sura, ananawa kwenye sinki lenye marumaru. Nani Baraka ana sinki la marumaru? Nikachora kwetu. Nikachora wanawake na madumu ya njano kwenye foleni ya bomba jipya la karibu na soko. Nikachora mama yangu, kitenge kimefungwa kiunoni, ananawa mikono kwa kopo lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, magamba ya ndagala yakiwa yamemganda kwenye vidole. Nilizichora kipindi chote cha mvua. Nilirudia vidole vile mpaka mwalimu akaniambia nitamaliza mafuta ya grupu.

Nilizipeleka ofisi ya afya, na mkuu wake akazipitia kwenye kompyuta yake, akasema anazitaka, na anamtaka aliyezichora. Kazi ya kila mwezi, mshahara, kiti. "Leta diplomu tu," aliniambia. Nilimwachia nakala kwenye kle, ile flashi, nikarudi nyumbani nikikimbia. Nilimwambia mama kwamba nikipata karatasi hiyo hatakanyaga tena barabara ya Lulimba. Mama akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Hilo ndilo nililokuwa nikilisomea. Rangi nilizipenda, sikatai, lakini nilichotaka ni kumtoa mama yangu kwenye kamba zile.

Juri ilikuja. Mkubwa wake alikuwa profesa kutoka Bukavu, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyeteremka kwa gari kupitia Uvira na Makobola na vumbi lote likiwa kwenye koti lake. Niliitwa wa kwanza. Nilifungua afishi zangu moja moja, nikaeleza. Profesa alisogea mbele. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii kazi ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu, Prof."

"Ulizifanya lini?"

"Mwaka huu, tangu mvua zianze."

Akashika kipanya mwenyewe, akabonyeza kwenye faili, akatazama tarehe. Akabonyeza ya pili. Ya tatu. Kisha akanigeukia na sura nyingine kabisa.

"Mademwazeli, mashini inasema zote zilifanywa siku moja. Jumanne. Na siku hiyo weye ulikuwa haujaandikishwa hapa."

Nikatazama pembeni mwa kioo, penye saa.

"Muntu hawezi kufanya kazi kama hii kwa siku moja," aliendelea. "Ulizitosha kwa kle ya muntu, ukazileta hapa kama zako. Huu ni wizi."

Wizi! Mbele ya wenzangu, mbele ya mama za watu waliokaa kwenye mabenchi nje ya dirisha. Nikamwambia afungue na kazi za wengine. Akafungua. Jumanne. Jumanne. Jumanne. Akasema basi darasa zima limeiba mahali pamoja.

Nilimwangalia direktere. Kila asubuhi alikuwa akichungulia mlangoni kuuliza, "Tarehe mumeirudisha?" Kila asubuhi. Sasa alikuwa anakuna kidevu. "Prof, batoto ba sasa muko munabajua," akasema. "Intaneti ilibaharibia akili."

Intaneti! Ipi? Ya wapi? Baraka ambayo taa yenyewe tunaisikia kwa majirani?

Nikasema, "Prof, tazama hili bomba nililochora. Lilijengwa mwaka jana. Ningewezaje kulichora Jumanne hiyo, kabla halijajengwa? Muulize direktere, yeye alikata utepe na chifu siku ya kulifungua."

Profesa akamtazama. Direktere akasema, "Mi siwezi kukumbuka mambo ya mabomba."

Nilitaka kumrukia. Naandika hili nikiwa mtu mzima na bado nasema nilitaka kumrukia.

Walitupa mapumziko. Direktere akanivuta nyuma ya grupu, sasa mpole kama mjomba. "Binti yangu, tulia. Ingia useme pile, betri ya saa ndani ya mashini, ilikufa, tarehe inajirudia yenyewe. Mi nitahakikisha. Wote mutapita. Lakini mambo ya kurudisha tarehe, funga kinywa." Wenzangu walikuwa wametuzunguka. Mtoto wa mchungaji, yule mwenye utani, alinishika mkono. "Dada, tafazali. Kwetu banaangalia hii karatasi."

Na nilikubali. Sikilizeni vizuri, nilikubali. Kwa ajili ya mama ningesema hata kwamba saa iliibwa na samaki. Nikarudi ndani, nikasema habari ya pile iliyokufa, direktere akatikisa kichwa kwa huruma, na profesa akaanza kulegea. Alisema inawezekana, mashini za mitumba huwa hivyo. Akashika kalamu yake. Mama alikuwa dirishani, nje, na kikapu chake cha sokoni kichwani, nilimwona.

Hapo ingekwisha. Lakini profesa, kabla ya kuandika, akauliza swali la kawaida tu: je, programu yenyewe shule inayo kihalali, kwa sababu sahihi yake haiwezi kwenda kwenye diplomu ya programu ya kuiba.

Direktere angeweza kusema tutashughulikia. Angeweza kukohoa. Akasimama wima, akafunga kifungo cha suti.

"Imelipiwa, Prof. Kila mwaka. Wanafunzi benyewe balichanga, na feza ilifika Ulaya yote. Sivyo, binti yangu? Mama yako mwenyewe alilipa. Waambie."

Mama yako mwenyewe alilipa. Alisema hivyo, mama yangu akiwa dirishani anamsikia. Na mama, maskini, aliitikia kwa kichwa, kwa fahari, kwa sababu yeye alikuwa anaamini. Alidhani wote tunajua kwamba feza yake ilivuka bahari.

Nikasimama. Sikuwa na hotuba. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikafunga kila kitu, nikaenda pembeni penye saa nikaweka tarehe ya siku ile, ya kweli. Nilisikia mmoja wa wenzangu akishangaa "Mawe!", yaani mama wee, kwa sauti ya chini. Nikafungua programu. Ikatoa dirisha la kijivu, kwa Kifaransa: muda wako wa kujaribu umekwisha, tafadhali nunua.

"Prof," nikasema, "hii ndiyo imelipiwa."

Nilidhani ukweli ukishatoka, atakayeumia ni mwongo. Akaa, wapi! Profesa alifunga mkoba wake. Hakuniomba radhi kwa kuniita mwizi. Alisema kikao kimesimamishwa, atarudi shule ikijisafisha, akapanda gari lake. Majuma machache baadaye mapigano yalifunga barabara, kisha ikafunguka, kisha ikafungwa tena, na yeye hakurudi. Hakuna aliyepata diplomu, si mimi, si wenzangu. Direktere alipaka ukuta upya akaandikisha wengine. Na pesa ya programu aliendelea kuichukua.

Wenzangu walinigeuzia mgongo. "Ungefunga kinywa tu," mtoto wa mchungaji aliniambia, bila utani. Nilimjibu kwamba kinywa changu hakikula pesa ya mtu, aende akamdai aliyekula. Hakwenda. Hakuna aliyekwenda. Kwa direktere waliendelea kuvua kofia, na kwangu walivuka barabara. Hilo nalo sijalisamehe, najua walikuwa na uchungu, lakini sijalisamehe.

Mkuu wa ofisi ya afya alisema pole sana, bila diplomu mikono yake imefungwa. Nilipouliza kuhusu afishi, alisema tutaona.

Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Muhula mpya ulipoanza kwa watoto wa wengine, yeye alifunga magunia, maana karo za wadogo zangu zilikuwa zinangoja. Nilimwambia safari hii haendi peke yake. Nikabeba gunia la pili.

Tulifika Lulimba na magunia mepesi kuliko tulivyoondoka nayo, mnajua kwa nini. Mama kichwa kilikuwa kinamgonga, tukaenda kituo cha afya kutafuta dawa. Tukakaa kwenye benchi pamoja na wanawake wengine na watoto wao. Na ukutani, juu ya meza ya muuguzi, alikuwepo mama yangu. Kitenge kiunoni, kopo kwenye mti, magamba kwenye vidole. Imechapwa kwenye karatasi nzuri ya kung'aa. Chini yake kulikuwa na alama za ofisi na za wafadhili, zimepangwa mstari mzima. Jina langu halikuwepo.

Mwanamke wa pembeni yetu alitazama ukutani, akamtazama mama, akapiga kofi paja lake. "Mama, si ni weye ule?" Wote wakacheka, wakasogea kuona. Muuguzi, mwanamume kijana mwenye koti jeupe, naye akacheka. "Akaa, wamama! Hizo zinatoka Kinshasa. Bazungu njo banazichoraka."

Niliinuka. Nikachukua kalamu nene kutoka mezani kwake, ile ya kuandikia kwenye vifurushi vya dawa, nikapanda kwenye benchi. Chini ya miguu ya mama yangu, juu ya alama zile, nikaanza kuandika jina langu.

"Weee, dada! Unaharibisha kitu ya batu!" muuguzi alipiga kelele, akainuka. "Mama, mwambie binti yako ashuke!"

Mama alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho amefumba kwa maumivu. Hakuyafumbua.

"Andika kubwa," aliniambia. "Basome toka mulangoni."